Kilicho Chako na Kilicho cha Tajiri: Mwongozo kwa Mwenye Kuhama Kazi

Siku mtu apewapo kazi, akakalishwa mbele ya meza ya meneja na kusogezewa karatasi kumi na mbili zilizobanwa pamoja, macho yake hutafuta mambo matatu tu: mshahara, siku za likizo, na mahali pa kutia sahihi. Yaliyo baina ya hayo huyapita kama abiria apitavyo vituo asivyoshuka. Basi humo, aghalabu katika ukurasa wa nane au wa tisa, baada ya maneno ya mavazi na nidhamu na kabla ya maneno ya anwani za kupelekea barua, ndimo hukaa sharti moja fupi lisemalo kwamba mwajiriwa, atakapoacha kazi kwa sababu yoyote ile, hatafanya kazi kwa mshindani wa mwajiri wake, wala hatafungua biashara ya namna hiyo hiyo, kwa muda wa miezi au miaka kadha wa kadha, katika eneo kadha wa kadha. Sharti hilo halimsumbui mtu siku ya kuingia. Humsumbua siku ya kutoka.

Mimi nililitia sahihi bila ya kulisoma, nikiwa kijana, katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, ambayo jina lake halina faida kwako. Muda wake ulikuwa miaka miwili na eneo lake Afrika Mashariki nzima. Yaani nikiiacha kazi ile nisijaze fomu ya forodha Mombasa, wala Dar es Salaam, wala Kampala, ilhali kujaza fomu za forodha ndiyo kazi pekee niliyoijua duniani. Nilipopata mahali penye mshahara bora nikapeleka barua ya kuacha kazi, tajiri wangu (nasi watu wa pwani humwita mwajiri tajiri hata akiwa hana kitu) hakusema neno. Alivuta mtoto wa meza, akautoa mkataba wangu, akauweka mbele yangu na kidole chake kikatua juu ya mstari ule. Nilikwenda nyumbani nikakaa miezi minne nikimpimia shemeji yangu mchele dukani kwake, kwa hofu tupu, hata mahali pale papya pakachukuliwa na mwingine. Hakuna aliyenishtaki. Hakuna hata aliyeniandikia. Nayaandika haya ili wewe msomaji, uliye na mkataba wa namna hiyo kabatini, usije ukapima mchele wa shemeji pasipo sababu. Na tena ili usije ukajidanganya kwamba sharti la namna hiyo ni karatasi isiyo na nguvu kabisa, kwani hilo nalo si kweli.

Anza kwa kujua unasoma nini, maana masharti haya huja kama ndugu wa tumbo moja na watu huwachanganya majina. Yuko wa kwanza, sharti la kutoshindana, likuzuialo kufanya kazi yenyewe. Wa pili ni sharti la kutowavuta wateja, na pengine wafanyakazi, wa mahali unapotoka. Hili halikuzuii kazi, bali hukuzuia kuwaendea watu fulani. Wa tatu ni sharti la kutunza siri, lisilokuzuia kazi wala watu, ila likutakalo usitoke na yasiyo yako. Tena yuko binamu yao, sharti la mafunzo, likudailo gharama za masomo uliyosomeshwa ikiwa utaondoka kabla ya muda fulani. Huyo ana mambo yake na simzungumzii hapa. Mpangilio wa hao watatu ndio mpangilio wa uzito wao kwako, lakini mbele ya hakimu mambo hugeuka: la siri ndilo huaminiwa upesi zaidi, la wateja hufuata, na la kutoshindana, lililo kali kuliko yote, ndilo hutazamwa kwa jicho la shaka.

Shaka hiyo ni ya kale mno. Mwaka 1414, huko Uingereza, mtia rangi nguo mmoja aitwaye John Dyer alishtakiwa kwa kuwa aliahidi kutofanya kazi yake katika mji wake kwa nusu mwaka na inasemwa akaivunja ahadi. Hakimu aliyeisikiliza kesi alikasirika, tena hakumkasirikia mtia rangi bali aliyeleta mashtaka, akaapa kwa jina la Mungu kwamba lau mdai angekuwapo pale angemtia gerezani hata alipe faini. Karne zilipita na biashara ikabadilika, na mahakimu wakajifunza kutofautisha. Mwaka 1894 Baraza la Malodi lilikubali sharti la miaka 25 dhidi ya Thorsten Nordenfelt, Msweden mwenye kutengeneza bunduki na mizinga, lililomzuia ulimwengu mzima; lakini yeye alikuwa ameuza biashara yake kwa pauni 287,500, na anayelipwa thamani ya biashara yake hana insafu ya kuifungua tena ng'ambo ya pili ya barabara. Mtumishi hakuuza kitu ila siku zake. Ndiyo sababu mwaka 1913 Malodi hao hao walimwachilia mtu aliyekuwa akizunguka nyumba hadi nyumba mjini London akilitafutia duka la nguo wateja, aliyefungwa kwa miaka mitatu katika mwendo wa maili 25 kuuzunguka mji, ilhali eneo lake la kazi lilikuwa kipande kidogo tu cha mji huo. Na mwaka 1916 wakamwachilia mhandisi Saxelby, aliyekuwa katika kiwanda cha mashine za kunyanyulia mizigo tangu alipotoka shule, asifungwe miaka saba, kwa kuwa ustadi ulioingia katika kichwa na mikono ya mtumishi kwa kazi yake mwenyewe ni mali yake, na siri za mwajiri ni mali ya mwajiri.

Lishike neno hilo, maana mwongozo huu wote umesimama juu yake. Kiko kilicho chako na kiko kilicho cha tajiri, na sharti la haki ni lile linalolinda cha pili bila ya kukunyang'anya cha kwanza.

Kwetu Kenya jambo hili lina sheria yake, nayo ni ya tangu zama za ukoloni: Sheria ya Mikataba ya Kuzuia Biashara, Sura ya 24, sheria fupi ambayo watu wachache wameisikia na wachache zaidi wameisoma. Haisemi kwamba sharti la kutoshindana ni batili. Asemaye hivyo barazani anakosea. Husema kwamba sharti la namna hiyo halibatiliki kwa sababu tu ya kuwamo katika mkataba, walakini mahakama ina uwezo wa kulitangaza kuwa batili ikiridhika, baada ya kutazama aina ya kazi, muda, eneo, na hali yote ya shauri lenyewe, kwamba si la kadiri: ama kwa kuwa linamkinga mwajiri kupita kiasi cha kinga anachostahiki, ama kwa kuwa linadhuru maslahi ya umma. Fauka ya hayo, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, imempa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu katika mambo ya kazi, na mashauri ya mwajiri na mwajiriwa yana mahakama yake maalumu yenye hadhi sawa na Mahakama Kuu. Kwa hiyo swali lako lisiwe, "Je, sharti hili ni halali?" Uliza, "Je, sharti hili, kwa kazi yangu hii, kwa muda huu, katika eneo hili, linalinda kitu gani?"

Sasa utoe mkataba wako na kalamu nyekundu. Kwanza piga mstari chini ya muda. Miezi mitatu au sita, kwa mtu aliyekuwa akizijua bei na mipango ya kampuni, huenda mahakama ikaiona ya kadiri. Miaka miwili kwa karani au msusi ni vigumu kuielezea, kwa maana hata siri zenyewe hazidumu muda huo. Bei ya kusafirisha kontena ya mwaka juzi ni habari iliyokwisha chacha. Kisha piga mstari chini ya eneo, na ulilinganishe na mahali ulipofanya kazi kwa hakika: msusi wa Bamburi aliyezuiwa kusuka Likoni anazuiwa kuwaendea wanawake ambao hata siku moja hawakuvuka feri kumfuata. Halafu litafute neno "mshindani" na uone kama limeelezwa. Likiachwa wazi, likaongezewa maneno kama "kwa njia yoyote, moja kwa moja au kwa mzunguko, akiwa mtumishi, mshauri, mshirika au mwenye hisa," basi ujue mwandishi wa mkataba alikuwa anavua kwa wavu wa macho madogo, akakusanya samaki na magugu. Na upana huo, ambao hukutisha wewe, aghalabu ndio udhaifu wa sharti lenyewe.

Tazama pia sharti linasema nini juu ya namna ya kuachana. Mengi husema "kwa sababu yoyote," yaani hata ukifukuzwa pasipo kosa. Malodi wa Uingereza walikwisha kulikata shauri la namna hiyo mwaka 1909, kwamba mwajiri aliyemwachisha mtumishi kinyume cha mkataba hawezi tena kuung'ang'ania mkataba ule ule alioutupa yeye mwenyewe. Na mahakama zetu, zitazamapo hali yote ya shauri, haziwezi kulifumbia macho jambo hilo. Mwisho tazama adhabu. Ikiwa mkataba unasema utalipa mshahara wa miezi kumi na miwili ukivunja sharti, ujue kwamba fidia ni ya kufidia hasara, na kiasi kilichowekwa kwa nia ya kumtia mtu hofu, kisicho makadirio ya kweli ya hasara itakayopatikana, mahakama hukitazama kuwa ni adhabu na huweza kukikataa.

Ikiwa hujatia sahihi bado, wewe umo katika wakati ulio bora kuliko wakati wote utakaofuata, nao ni mfupi sana. Usione haya kuomba siku mbili za kusoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 9, inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na asiyejua kusoma au asiyeielewa lugha ulioandikiwa afafanuliwe kwa lugha anayoifahamu. Na kwa kuwa mikataba yetu karibu yote imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, ambacho hata Waingereza wenyewe hawakisemi nyumbani, hakuna aibu kumwambia afisa wa wafanyakazi akueleze kwa Kiswahili ukurasa wa tisa unasema nini. Kisha omba. Watu hudhani mkataba uliokwisha pigwa chapa haubadiliki, kumbe hubadilika kwa mstari mmoja wa kalamu na sahihi mbili pembeni. Andika barua fupi yenye heshima, kwa mfano hivi: "Niko tayari kuahidi kutunza siri za kampuni, na kutowafuata wateja niliowahudumia mimi mwenyewe kwa muda wa miezi sita baada ya kuondoka. Naomba sharti la kutofanya kazi kwa mshindani liondolewe, au liwe la miezi mitatu, mjini Mombasa tu, na lisiwe na nguvu iwapo kampuni ndiyo itakayoniachisha kazi." Mwajiri mwenye haja nawe hatakufukuza mlangoni kwa barua ya namna hiyo. Akikataa katakata, unaweza kuomba kwamba kwa kila mwezi utakaozuiwa ulipwe sehemu ya mshahara. Ujerumani sheria humlazimisha mwajiri kulipa angalau nusu ya malipo ya mwisho kwa muda wote wa zuio, la sivyo mtumishi hafungiki, nami sioni kwa nini anayetaka mkono wako ukae bure asiulishe. Kwetu sheria haimlazimishi. Kuomba, hata hivyo, hakukatazwi.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo ndilo huwaangusha wengi, tena wengi walio wema, nalo ni yale wayafanyayo katika wiki tatu za mwisho. Maadamu ungali katika kazi, ungali mtumishi wa mtu, na uaminifu wako kwake haujapungua kwa sababu umekwisha kuandika barua ya kuondoka. Unaweza kutafuta kazi, kufanya usaili wakati wako wa mapumziko, hata kukodi chumba cha duka lako la baadaye. Lakini usimnong'oneze mteja kwamba mwezi ujao akufuate, na usichukue kitu. Mwaka 1895, katika kesi ya Robb na Green, msimamizi wa biashara ya ndege wa kuwindwa na mayai yao alinakili majina ya wateja kutoka katika daftari la oda kabla ya kwenda kufungua biashara yake mwenyewe. Mahakama ikamtia hatiani, ingawa hakuwa na sharti lolote la kutoshindana, kwa kuwa daftari halikuwa lake. Karibu miaka tisini baadaye, meneja wa mauzo wa kampuni ya Faccenda Chicken, iliyokuwa ikiuza kuku kwa magari ya baridi, aliondoka akaanzisha biashara kama hiyo, wateja na bei na njia za magari zikiwa kichwani mwake; mwajiri akashtaki, na mwaka 1986 Mahakama ya Rufani ikasema kwamba yaliyo kichwani kwa desturi ya kazi, yasiyo siri ya ndani, hawezi kuzuiwa kuyatumia akiisha kuondoka. Mwenye mayai alishinda kesi, mwenye kuku akashindwa. Na tofauti yao ni kalamu na kipande cha karatasi.

Leo kipande hicho ni simu. Karani wa siku hizi ana namba za wateja mia mbili katika simu yake mwenyewe, aliyoinunua kwa fedha zake, kwa kuwa ofisi haikumpa simu, na wateja hao humwandikia kwa WhatsApp hata usiku wa manane kuuliza kontena limefika wapi. Namba hizo ni za nani? Chombo ni chako, lakini habari zilizomo ulizipata kwa ajili ya tajiri, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imezidisha uzito wa jambo hili, kwani mteja alitoa namba yake kwa shughuli ya kampuni na hakukupa wewe uende nayo utakako. Rai yangu ni hii: kabla ya siku ya mwisho, andika orodha ya wateja wote uliokuwa ukiwahudumia, hali ya kila shughuli, na namba zao, ikabidhi kwa msimamizi wako, naye atie sahihi kwamba amepokea, kisha ufute katika simu yako walio wateja wa kazi tu, na ubakishe walio jamaa na marafiki zako kabla ya kazi ile. Usijipelekee barua pepe za ofisi kwenye anwani yako. Usipige picha jedwali la bei. Usichomeke kijiti cha kuhifadhia data katika kompyuta ya kazi hata kwa kuchukua picha za arusi yako, kwa kuwa siku wakili wa tajiri atakapoleta ushahidi kwamba kitu kilichomekwa saa kumi na moja jioni, nani atajua kwamba zilikuwa picha za arusi?

Na mteja akikupigia mwenyewe, baada ya wewe kuhama? Hapa urudie maneno ya mkataba. Ukisema usi*wavute* wateja, basi aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe hukumvuta, ingawa ni juu yako kuhifadhi ujumbe wake wa kwanza uonyeshe nani alianza. Lakini ukisema usi*fanye biashara nao*, hata aliyekuja mwenyewe yumo katika katazo, na utafanya vema kumwambia kwa adabu kwamba umefungwa hadi mwezi fulani.

Barua ya kuacha kazi iwe fupi. Itaje tarehe, muda wa taarifa na siku ya mwisho. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa na kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira kutoa taarifa ya siku 28, isipokuwa mkataba wake umeweka muda mrefu zaidi. Usiandike unakokwenda, wala usiyamwage humo machungu ya miaka sita. Mwajiri anaweza kukuambia ukae nyumbani muda huo wote huku akikulipa. Ukilipwa, kaa, usianze kazi mpya kabla ya siku kutimia, kwa maana wewe ungali wake. Dai cheti chako cha utumishi, ambacho kifungu cha 51 kimemlazimisha mwajiri kukitoa kwa aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi. Na hapa nakuhadharisha kwa sauti kubwa: siku hiyo ya mwisho, ukiwa umesimama dirishani kwa mhasibu kungoja hundi, huenda ukapewa karatasi ya "kukiri kupokea haki zote" ambayo chini yake limepenyezwa sharti jipya la kutoshindana, kali kuliko la kwanza au ambalo hata halikuwamo. Mshahara wa siku ulizofanya kazi ni haki yako tayari na hauwi bei ya ahadi mpya. Isome, ukate usilolikubali, au uende nayo nyumbani.

Kwa tajiri mpya sema kweli mapema. Mwonyeshe sharti lenyewe kabla hajakupa barua ya ajira, kwa sababu akilijua baadaye atadhani umemhadaa, na kwa sababu yeye naye anaweza kushtakiwa kwamba alikushawishi kuvunja mkataba. Mwenye akili atafanya moja katika mambo mawili: atakuweka kwa miezi ya mwanzo katika kazi isiyogusana na wateja wako wa zamani, au atakuandikia ahadi kwamba gharama za wakili zitakuwa juu yake. Lakini akikuuliza, hata kwa mzaha, "Utatuletea orodha ya wateja wao?" basi umekwisha kujua anakutaka kwa ajili gani.

Pengine barua ya wakili itakuja. Huja imepigwa muhuri, ina maneno mazito, na hukupa siku saba. Usiitupe, usiijibu kwa hasira, usimpigie tajiri wa zamani kumwambia unamfahamu tangu alipokuwa na gari bovu. Barua hiyo si hukumu, ni dai. Ipeleke pamoja na mkataba, barua yako ya kuondoka na orodha ya makabidhiano kwa wakili, au kwa chama chako cha wafanyakazi, au ikiwa mkono wako ni mfupi, kwa Kituo Cha Sheria, ambao wana ofisi Nairobi na Mombasa na huwashauri wasio na uwezo. Tajiri akienda mahakamani ataomba kwanza amri ya zuio la muda, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki wa mwaka 1973 katika kesi ya Giella na Cassman Brown, mwombaji wa amri hiyo sharti aonyeshe kwamba ana shauri lenye msingi wa kushinda, na kwamba asipopewa atapata madhara yasiyoweza kufidiwa kwa fedha. Na hakimu akiwa na shaka, hupima ni nani ataumia zaidi. Karani aliyetoka mikono mitupu, aliyekabidhi kila kitu kwa sahihi, ambaye riziki ya watoto wake ndiyo inayotakiwa isimamishwe, ana la kusema katika kila mojawapo. Aliyekutwa na jedwali la bei katika simu yake hana, hata kama sharti lake lilikuwa bovu.

Ama wewe unayesoma haya ukiwa Dubai au Abu Dhabi, ambako vijana wetu wa Mombasa, Lamu na Unguja wamejaa mahotelini na maofisini, usipime jambo kwa kipimo cha Kenya. Huko sheria ya kazi ya mwaka 2021, katika kifungu cha 10, inalitambua sharti la kutoshindana waziwazi, ila imeliwekea mipaka: lisizidi miaka miwili tangu mkataba kwisha, litaje mahali, muda na aina ya kazi kwa kadiri ya kulinda maslahi halali ya mwajiri, na huanguka ikiwa mwajiri ndiye aliyevunja mkataba kinyume cha sheria. Na kama una jamaa California, mwambie alale usingizi: jimbo hilo limeyakataa masharti haya tangu mwaka 1872, ingawa sehemu nyingine za Marekani bado zinayakubali, na kanuni ya serikali kuu ya mwaka 2024 iliyokusudiwa kuyafuta nchini kote ilibatilishwa na mahakama ya Texas mwezi wa Agosti mwaka huo huo kabla haijaanza kazi.

Aliyenitoa hofu yangu mwenyewe alikuwa wakili mmoja mzee. Nilimkuta dukani kwa shemeji, amekuja kununua mchele wa pishori, akaniuliza kijana msomi anafanya nini nyuma ya mizani. Nikamweleza. Aliniuliza maswali mawili tu. "Umetoka na nini ofisini mwao?" Nikasema sikutoka na kitu ila kalamu yangu. "Na wamekuandikia barua?" Nikasema la. Akanyamaza akitazama mchele ukimiminika, kisha akasema, "Basi aliyekufunga ni nani, mwanangu?" Alikataa kunitoza, nami nikamzidishia kibaba.

Wiki iliyofuata nilipata kazi katika ofisi nyingine ya kutoa mizigo, barabara ile ile ya zamani, milango mitatu mbele. Siku ya nne simu ya mezani ikalia, nikapewa mkono wa simu: alikuwa tajiri wangu wa kwanza. Moyo ulinidunda. Akanisalimu, akaniuliza hali ya mama, kisha akasema wanalitafuta faili la mzigo wa chai wa mwezi wa tatu na hawalioni. Nikamwambia liko katika kabati la pili, rafu ya chini, upande wa dirishani.